Sura ya Jirani: Historia Fupi ya Picha za Watu na Umoja wa Jamii

Kila mkazi wa kambi hii amepigwa picha ya uso angalau mara moja. Siku ya kuandikishwa tuliketi mbele ya kamera, tukaambiwa tutazame mbele bila kucheka, na picha ikaingia katika orodha pamoja na alama za vidole. Picha ile ina kazi yake, nasi hatuidharau, kwa maana bila orodha mgao hauwezi kugawiwa kwa haki. Lakini picha ile haimwambii jirani sisi ni watu gani. Inasema tu kwamba tumo.

Toleo hili limeandaliwa kwa ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Tarehe hiyo ina asili yake hapa Afrika. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi ulipitishwa mwaka 1969 na kuanza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Umoja wa Mataifa uliichukua tarehe hiyo, na tangu mwaka 2001 inaadhimishwa dunia nzima. Kamati ya jumuiya imetuomba sisi walimu tuandike jambo la historia litakalosaidia maelewano kati ya wakazi. Baada ya kushauriana tumechagua historia ya picha za sura za watu.

Sababu ya kuchagua jambo hilo tumeipata darasani. Wamo watoto waliozaliwa hapa kambini, ambao hawajawahi kuiona nchi ya wazazi wao hata siku moja. Hata hivyo tunawasikia wakiambiana, "Wewe kwa pua hiyo si wa kwetu." Maneno hayo hawakuyazua wao. Waliyasikia kwa wakubwa, na wakubwa nao waliyarithi. Mwalimu akimwadhibu mtoto kwa neno asiloelewa lilikotoka, neno halifi, bali linajificha. Kwa hiyo ni vema tujue lilikotoka, na tujue pia kwamba watu wa zamani waliwahi kuzitazama sura za wageni kwa namna nyingine.

Hoja yetu ni moja, nasi tutaifuata kutoka nchi hadi nchi: picha ya mtu huleta maelewano pale mchoraji anapokwenda kukaa na yule anayechorwa, akamtazama kama mtu mwenye jina lake. Picha ikitengenezwa kwa mbali, kwa majivuno, au kwa nia ya kupima na kupanga makundi, huwagawa watu.

NENO SURA NA NENO TASWIRA

Kwa Kiswahili uso wa mtu huitwa pia sura, na picha huitwa taswira. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, ambako sura maana yake ni umbo au picha. Basi lugha yetu yenyewe imeuweka uso na picha karibu karibu.

Katika makala hii tukisema picha ya sura tunakusudia mchoro, au picha ya kamera, unaomwonyesha mtu mmoja anayejulikana, hata anayeutazama aseme, "Huyu ni fulani." Mchoro wa askari mia moja vitani si picha ya sura. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu. Chuki haihitaji jina la mtu. Inahitaji kundi, inahitaji neno "wale". Na ni vigumu kusema "wale" juu ya mtu mmoja ambaye umekaa ukimtazama macho, paji la uso na midomo kwa saa nzima.

SULTANI NA MCHORAJI WA VENICE

Tuanze na maadui wa kweli. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili, mtawala wa Waturuki, aliuteka mji wa Constantinople, ambao leo unaitwa Istanbul. Alikuwa na umri wa miaka 21. Miaka 10 baadaye vita vilizuka kati yake na Venice, dola ya Kikristo ya Italia iliyoishi kwa biashara ya baharini. Vita hivyo vilidumu miaka 16, kuanzia 1463 hadi 1479. Venice ilipoteza kisiwa cha Negroponte na ngome ya Scutari, na mwishowe ikakubali mkataba wa amani uliotiwa sahihi mwezi Januari 1479.

Mwaka huohuo sultani alipeleka ombi Venice, akitaka apelekewe mchoraji hodari. Serikali ya Venice ilimchagua Gentile Bellini, ambaye wakati huo alikuwa akichora katika jumba la mtawala wao. Aliondoka mwezi Septemba 1479 na kukaa Istanbul zaidi ya mwaka mmoja.

Picha ya sultani ina tarehe ya 25 Novemba 1480. Ndani yake tunamwona mtu mwenye kilemba cheupe na vazi jekundu lenye ukosi wa manyoya, amekaa chini ya tao, uso umegeuzwa kidogo upande. Pua ni ndefu na imepinda, ndevu zimechongoka, mashavu yamebonyea. Kwa Wakristo wengi wa Ulaya jina la mtawala huyu lilikuwa jina la kutisha. Katika picha ya Bellini yumo mtu aliyechoka, mwenye kufikiri. Miezi michache baadaye, mwezi Mei 1481, alifariki dunia.

Tusidanganyane kuhusu nguvu ya picha. Mwaka uleule wa 1480, wakati Bellini akiwa Istanbul, majeshi ya sultani yalivuka bahari na kuuteka mji wa Otranto huko Italia, na watu wengi wakauawa. Picha haikuzuia vita. Lakini ilibadilisha kitu kwa mchoraji mwenyewe na kwa waliokuja baada yake. Bellini alirudi kwao akiwa na mkufu wa dhahabu aliotunukiwa na sultani. Katika mojawapo ya kazi zake za mwisho, picha kubwa ya Mtakatifu Marko akihubiri Alexandria, aliweka umati wa watu wenye vilemba wakisikiliza kwa utulivu, na hata twiga yumo. Picha hiyo ilimaliziwa na ndugu yake Giovanni. Kwa upande wa pili, katika jumba la Topkapı mjini Istanbul ipo picha ya zama zilezile inayomwonyesha Mehmed akinusa waridi. Mchoraji wake alichukua kwa Waitaliano namna ya kuonyesha kivuli usoni, huku akimkalisha sultani kwa desturi ya kwao, miguu imekunjwa.

Picha ya Bellini iko London tangu mwaka 1916. Mwaka 2020 manispaa ya Istanbul ilinunua mnadani, London, picha nyingine ya Mehmed iliyotoka katika karakana ya Bellini, ikairudisha katika mji wake. Miaka 540 imepita, na wenyeji wa Istanbul walikuwa tayari kulipa ili waupate uso wa mtawala wao uliochorwa na watu wa nchi iliyokuwa adui.

KARAKANA YA MFALME AKBAR

Karne moja baada ya Bellini, mfano mkubwa zaidi ulitokea Bara Hindi. Akbar alitawala huko tangu mwaka 1556 hadi 1605. Yeye na ukoo wake walikuwa Waislamu, na wengi wa raia wake walikuwa Wahindu. Tangu mwanzo aliona kwamba nchi ya namna hiyo haiwezi kushikwa kwa upanga peke yake. Mwaka 1564 alifuta kodi waliyotozwa wasio Waislamu. Mwaka 1575 alijenga huko Fatehpur Sikri nyumba ya majadiliano ya dini, ambamo wanazuoni wa Kiislamu walikaa, na baadaye wakaja Wahindu, Wajaini, Waparsi na mapadre wa Kikristo.

Mwandishi wake, Abul Fazl, anaeleza kwamba mfalme alikaa mwenyewe achorwe, kisha akaagiza zichorwe sura za wakuu wote wa dola yake na kukusanywa katika kitabu kimoja kikubwa. Tutafakari maana ya kitabu hicho. Katika baraza la Akbar walikuwamo wakuu wa Kituruki, Waajemi, Waafghani, na machifu wa Kihindu wa Rajput ambao wazee wao walipigana na babu yake. Kila mmoja alipewa ukurasa wake. Aliyefungua kitabu alikutana na mtu, kisha mtu mwingine, kisha mwingine.

Waliochora nao walikuwa mchanganyiko. Mabingwa wa kwanza walitoka Uajemi, akiwemo Abd al-Samad wa mji wa Shiraz. Wanafunzi wao wengi walikuwa Wahindu. Mmoja wao, Daswanth, alikuwa mtoto wa mchukuzi wa machela. Alizoea kuchora ukutani, mfalme akaiona kazi yake, akamkabidhi kwa Abd al-Samad afundishwe, naye akawa miongoni mwa wachoraji wakuu wa zama zake. Aidha, ukurasa mmoja mara nyingi ulifanywa na watu wawili au watatu: mmoja alipanga mchoro, wa pili alitia rangi, na mwingine alipewa kazi ya nyuso peke yake. Hivyo ilitokea Mwislamu akapanga na Mhindu akachora nyuso, au kinyume chake, na majina yao yote yakaandikwa chini ya ukurasa.

Hapa hapana budi tuseme neno kuhusu dini. Wapo wenzetu, Waislamu na hata baadhi ya Wakristo, wanaoona si vema kuchora sura ya kiumbe hai. Maoni yao yana asili ya zamani, nasi tunayaheshimu. Jambo hilo lilijadiliwa hata mbele ya Akbar. Jibu lake, kama alivyoliandika Abul Fazl, lilikuwa kwamba mchoraji anapochora viungo vya kiumbe na kuona hawezi kukitia roho, hulazimika kumkumbuka Mungu atoaye uhai. Asiyekubaliana na jibu hilo abaki na msimamo wake kwa amani. Tunalitaja ili ionekane kwamba watu wa dini moja waliweza kulijadili bila kugombana.

PICHA MBILI ZA MFALME MMOJA

Baada ya Akbar alitawala mwanawe Jahangir, kuanzia 1605 hadi 1627. Jirani yake mwenye nguvu alikuwa Shah Abbas wa Uajemi. Wafalme hao waliitana ndugu katika barua zao, huku kila mmoja akiutamani mji wa Kandahar uliokuwa mpakani. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Mwaka 1613 Jahangir alituma ujumbe Uajemi chini ya balozi Khan Alam, na pamoja naye akamtuma mchoraji wa Kihindu aitwaye Bishandas. Kazi yake ilikuwa kuchora sura ya Shah Abbas na wakuu wake. Bishandas alisafiri njia yote hiyo, akakaa na watu asiojua desturi zao, akawatazama na kuwachora. Ujumbe uliporudi mwaka 1620, Jahangir aliandika katika kumbukumbu zake kwamba sura ya Shah ilikuwa imepatikana vizuri mno, na waliomfahamu walithibitisha. Akamzawadia Bishandas ndovu.

Lakini kabla Bishandas hajarudi, mchoraji mwingine wa Jahangir, Abu'l Hasan, alikuwa amemchora Shah Abbas pasipo kumwona hata mara moja. Picha yake iko Washington hadi leo. Wafalme wawili wamesimama juu ya tufe la dunia wakikumbatiana. Kwa haraka mtu atasema ni picha ya udugu. Tazama tena. Jahangir ni mkubwa, amenona, amesimama juu ya simba. Shah Abbas ni mwembamba, ameinama kama mtoto mbele ya baba, amesimama juu ya kondoo. Na simba amejinyoosha hata anamsukuma kondoo atoke katika ardhi yake.

Mwaka 1622 Shah Abbas aliuchukua mji wa Kandahar. Hatusemi kwamba mji ulipotea kwa sababu ya mchoro, maana wafalme hupigania miji kwa sababu nyingine. Tunachosema ni kwamba picha hizo mbili zinatufundisha kutofautisha. Bishandas alimwendea mtu, akarudi na mtu. Abu'l Hasan, pamoja na ufundi wake wote, alibaki nyumbani akachora majivuno ya bwana wake na kuyaita udugu. Hata sisi kambini tunaweza kuimba umoja jukwaani na mioyoni tukawa tumemsimamisha jirani juu ya kondoo.

SURA ILIPOGEUZWA KIPIMO

Sasa tuje kwenye zama zilizotuachia maneno ya pua na kimo. Kamera ilipoenea katika karne ya 19, baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliona wamepata chombo cha kupanga wanadamu kwa aina. Mwaka 1869 huko Uingereza J. H. Lamprey alipendekeza mtu asimamishwe uchi mbele ya fremu yenye nyuzi za hariri zilizogawanywa miraba ya inchi mbili, apigwe picha, ili vipimo vya mwili vilinganishwe kutoka kabila hadi kabila. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon, mtumishi wa polisi wa Paris, aliweka utaratibu wa kumpiga mshitakiwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, pamoja na vipimo vyake. Picha ya kitambulisho tuijuayo inatokana kwa sehemu na utaratibu huo.

Wapimaji walifika hadi kwetu. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Kijerumani wa Adolf Friedrich, mwana wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, ulipita Rwanda na nchi za jirani, na ndani yake alikuwamo Jan Czekanowski aliyepima miili na vichwa vya watu. Baadaye, katika miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji uliandika katika vitambulisho vya Wanyarwanda kwamba huyu ni Mhutu, huyu ni Mtutsi, huyu ni Mtwa. Neno lililokuwa na maana nyingi katika maisha ya watu likawa neno moja, lililoandikwa kwa wino.

Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno lile likatosha kumwua mtu. Asiyekuwa na kitambulisho alihukumiwa kwa pua yake. Nchini Kongo, mwezi Agosti 1998, watu walikamatwa na kuuawa Kinshasa na miji mingine kwa kudhaniwa kutokana na sura zao tu. Warundi nao wana kumbukumbu zao za mwaka 1972 na 1993. Hatuyataji haya ili kufungua vidonda wala kuhesabu nani aliumia zaidi. Tunayataja kwa sababu mtoto anayemwambia mwenzake "kwa pua hiyo" ameshika mkononi mwake kipande cha historia hiyo, naye hajui.

Hata hivyo uso uleule uliobandikwa kwenye kadi uliweza kurudishiwa jina. Katika jumba la ukumbusho la Gisozi mjini Kigali, lililofunguliwa mwezi Aprili 2004, kipo chumba ambamo zimetundikwa picha za familia zilizotolewa na walionusurika. Ni picha za harusi, za sikukuu, za mtu na rafiki yake. Anayeingia pale hakutani na hesabu ya waliokufa. Anakutana na bwana harusi aliyevaa suti mpya.

BAMAKO: ANAYEPIGWA PICHA ANAPOCHAGUA

Waafrika hawakubaki kuwa watu wa kupimwa tu. Mwaka 1948 Seydou Keïta alifungua studio ya picha mjini Bamako, nchi ya Mali, karibu na kituo cha reli iendayo Dakar. Kwa sababu ya reli alipata wateja wa makabila na kazi mbalimbali: makarani, wakulima, wafanyabiashara, akina mama na watoto wao. Nyuma yao alitundika kitambaa chenye maua, na cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani mwake. Aliweka pale suti, saa, redio na pikipiki, ili anayetaka kuonekana navyo aazime.

Tofauti na kazi ya Lamprey inaonekana hapo. Lamprey alimvua mtu nguo ili abaki aina. Keïta alimwuliza mtu angependa kuonekanaje. Walipanga pamoja mkono ukae wapi na kichwa kigeuke vipi, kisha akapiga, mara nyingi mara moja tu. Keïta alifariki mwaka 2001, na leo picha zake zinatazamwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani.

UKUMBUSHO WA LUBUMBASHI

Mfano wa mwisho uko katika Kiswahili chetu wenyewe. Mji wa Lubumbashi ulikua kwa migodi ya shaba, na wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi, hata Kasai na Rwanda. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huo zilikuwa na michoro sebuleni, iliyochorwa na mafundi wa mtaani, mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Michoro ya historia waliiita kwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho.

Fundi mmoja mashuhuri alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake, picha kwa picha, na kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu aliyetoka Ulaya. Walikaa pamoja, mmoja akaeleza, mwingine akauliza, na mazungumzo yao yakaja kuwa kitabu mwaka 1996. Sura aliyoirudia mara kwa mara ni ya Patrice Lumumba. Lumumba aliuawa karibu na mji huohuo tarehe 17 Januari 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo. Basi katika mji ambao uhai wake ulikatwa, uso wake ulitundikwa sebuleni. Mgeni alipoingia aliutazama, na mazungumzo yakaanza.

Lakini hapa pia tuseme kweli. Kuanzia mwaka 1992 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hilo, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapohapo. Picha za sebuleni hazikuwakinga. Picha haina mikono wala miguu. Inaweza kuanzisha mazungumzo, na mazungumzo yakikomeshwa na wenye maslahi, picha hubaki ukutani peke yake. Kwa hiyo tusiitegemee sanaa kwa kazi ambayo ni yetu.

TUNAPENDEKEZA NINI

Kutokana na historia hii, sisi walimu tunaleta mbele ya kamati, wazazi na mashirika mapendekezo manne.

Kwanza, katika kipindi cha sanaa shuleni, na kwa watu wazima wanaopenda, wakae watu wawili wawili wa jamii tofauti, mmoja amchore mwenzake, kisha wabadilishane. Anayechora aulize mambo matatu: Jina lako ulipewa na nani? Mikono yako inajua kazi gani? Ungependa watu wakujue kwa lipi? Majibu yaandikwe chini ya mchoro. Kabila lisiandikwe. Vifaa tunavyo: makaa, chaki, maboksi ya katoni na magunia. Wa Lubumbashi nao walitumia magunia. Michoro isiyofanana vizuri isichekwe, kwa maana faida kubwa imo katika kule kutazama.

Pili, asilazimishwe mtu. Wapo wenzetu wanaotafutwa na waliowadhuru, na uso wao ukionekana hadharani unaweza kuwaletea hatari. Wapo ambao dini yao haiwaruhusu. Hao wachorwe mikono yao ikiwa kazini, au waandikiwe maelezo kwa maneno. Ridhaa iombwe kwa lugha ambayo mhusika anaielewa.

Tatu, tunawaomba kwa heshima watumishi wa mashirika nao wakae wachorwe. Wao wametupiga picha mara nyingi, na sisi tunawajua zaidi kwa vizibao vyao kuliko kwa nyuso zao. Mtumishi akikaa nusu saa mbele ya kijana wa kijiji cha nne akichorwa, wote wawili watainuka wakiwa wameongeza kitu. Vilevile, picha zetu zinapotumwa katika taarifa, na mwenyewe akiwa ameridhia, tunaomba jina lake liandikwe badala ya neno "mkimbizi" peke yake.

Nne, michoro itundikwe katika ukumbi wa jumuiya siku ya maadhimisho, ikichanganywa bila kufuata nchi wala kijiji, kama kurasa za kitabu cha Akbar.

Ndugu wasomaji, kambi si makao ya milele. Wapo watakaorudi nyumbani, wapo watakaopelekwa nchi za mbali, na wapo watakaosubiri bado. Siku moja mmoja wetu atasikia mahali fulani watu wakisema "wale", wakiwazungumzia watu wa jirani yake wa leo. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Tunataka siku hiyo awe na sura moja anayoijua, jina lake na kazi ya mikono yake, aweze kujibu, "Mimi nilikaa na mmoja wao, na nilimchora."

Wanaopenda kushiriki waandikishe majina kwa mwalimu wa zamu katika shule iliyo karibu nao, na wenye magunia safi au katoni wayalete hapohapo. Tunawatakia nyote maadhimisho mema na amani.